Mteja akisema "kawaida tu" mi siku hizi simwamini

Ngoja nianze na ile chupa ya mpira maana bila hiyo sidhani kama ningekuwa nafanya hii kazi ya masaji mpaka leo, au ningekuwa nafanya lakini vibaya.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2020, masika, mvua inapiga bati mpaka hamsikilizani, nina miezi kama minne tangu nianze kujitegemea hapa Kigoma. Akaja baba mmoja mtu mzima wa Gungu, dereva wa lori mstaafu, anasema miguu inamsumbua, mchana imekufa ganzi afu usiku inamchoma kama imepakwa pilipili. Mi nikasikia dereva nikasikia ganzi nikajiongeza mwenyewe, huyu amekalia kiti miaka thelathini, huu ni uchovu. Nikamlaza kifudifudi nikajaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira, nikaizungushia kitambaa, nikamwekea nyayoni ili miguu ipate joto wakati mi nafanya mgongo. Nikamuuliza, baba sio ya moto sana? Kawaida tu mwanangu. Baada ya dakika kumi nikauliza tena, vipi huko miguuni? Kawaida tu, wewe fanya kazi. Nikafanya kazi. Alivyoinuka nyayo zilikuwa nyekundu kidogo nikasema damu imetembea, nikafurahi kabisa.

Kesho yake saa mbili asubuhi bodaboda ikasimama mlangoni, akashuka mkewe peke yake, kajitanda kitenge, uso hauna salamu. Shikamoo mama. "Marahaba. Njoo umwone mwenzio ulivyomchemsha."

Nyayo ya kulia ilikuwa na lengelenge saizi ya yai, la kushoto limeshapasuka. Na baba kakaa kwenye kiti anakunywa chai, hana habari, hasikii kitu. Hapo ndo nikaelewa na mwili wote ukaniisha nguvu. Nikamuuliza baba una sukari? Akasema ndio, mwaka wa tisa huu. Sasa mbona jana hukuniambia? "Hukuniuliza."

Na kweli sikumuuliza. Chuoni tulifundishwa, iko kwenye daftari langu kabisa na nimeipigia mstari, mtu wa sukari mishipa ya fahamu ya miguuni inakufa polepole, anaweza akakanyaga msumari akaendelea na safari, usimwekee moto, na ukimuuliza kama inachoma hana jibu la kukupa maana hicho cha kujibia ndo kilichoharibika. Kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari sio kidonda cha mchezo, wapo waliokatwa miguu kwa kianzio kidogo kuliko kile. Wiki tano nilikuwa napanda Gungu siku moja naacha moja, namsindikiza kufunga kidonda, dawa nalipa mimi, bajaji nalipa mimi, na wateja wenyewe wakati huo walikuwa wa kuhesabu, afu katikati ya hayo corona ikaingia watu wakaogopa hata kupeana mikono sembuse kukandwa. Kikapona. Mungu alinionea huruma, sina maelezo mengine.

Tangu hapo neno kawaida nikiliskia naliangalia mara mbili.

Mi nimezaliwa Ujiji, nimelelewa na bibi ambaye alikuwa mkandaji, wazazi wote wa mtaa wetu waliojifungua walipita kwenye mikono yake, maji ya moto na mafuta ya mise, yale ya kokwa ya mchikichi sio mawese yenyewe maana mawese yatakufanya shuka na ukuta na mwenyewe wote muwe rangi ya machungwa. Nilikuwa namshikia beseni. Baadae nikaenda Dar nikasoma masaji kozi ya miezi sita, nikaajiriwa kwenye hoteli moja, mteja analipa elfu themanini mi nachukua kumi, na hiyo kumi inasubiri mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi una visingizio. Miaka minne nikachoka. Mwisho wa 2019 nikapanda treni na begi langu na mashuka sita, siku mbili njiani, na mtu wa Kigoma akishuka pale stesheni akaliona ziwa hata kama hana mia mfukoni anajiona amefika. Mwisho wa reli bwana.

Kitanda nilichongesha kwa fundi mmoja wa mtaa wa Mwanga, mninga, cha kukunja kati. Fundi alinihoji sana kuhusu lile tundu la uso. Hili la nini dada? La kuwekea uso. Uso wa nani? Nikamuelekeza akacheka akaita na wenzake waje waone. Akakitengeneza vizuri ila kifupi, akasema kitanda gani kinafika kiunoni, mi sikubishana maana sikujua, na miezi mitatu baadae aliyekuwa anahitaji kukandwa ni mimi, mgongo umekatika. Kwa anayetaka kuanza, simama wima mikono chini, kunja ngumi, kitanda kiguse ngumi. Kama ni kifupi utainama siku nzima na kama kirefu utatumia mabega badala ya uzito wa mwili. Na vidole gumba vitunze, usikandamizie gumba kila mahali, tumia kiwiko tumia mkono wa mbele, mi la kulia saizi likipata baridi linalia kama bawaba. Siku moja wateja wanne basi, wa tano nampangia kesho hata akiniongezea hela.

Turudi kwenye kawaida.

Nilivyobadilisha ni namna ya kuuliza tu. Ukimuuliza mtu wa huku una ugonjwa wowote, anakwambia sina, namshukuru Mungu. Atakuambiaje ana ugonjwa, kwani ugonjwa ni kitu cha kumtangazia mtu uliyekutana nae dakika tano zilizopita? Lakini ukimuuliza, asubuhi kabla ya chai unakunywa dawa gani, anakutajia tatu, ya presha, ya sukari na moja ambayo hajui ya nini ila alipewa. Ukimuuliza umewahi kufanyiwa operesheni anasema hapana, ukimuuliza hili kovu la nini anasema aa hilo nilipasuliwa. Mwanamke usimuulize una mimba, hasa kama amekuja na mtu, muulize mara ya mwisho mwezi uliona lini, na muulize mkiwa wawili. Na kukandamiza usiulize vipi iko sawa, maana jibu unalo. Mi nasema, niongeze, niache hivi hivi au nipunguze? Hapo lazima achague moja. Wanaume wengi bado wanasema ongeza huku vidole vya miguu vimejikunja, basi nawaangalia vidole nawaacha na mdomo wao.

Kuna mama mmoja alitoka Dar kwa basi, amekaa kutwa na kucha kwenye siti, akafikia kwa mwanae huku Mwanga, mwanae ni mteja wangu akamleta kama zawadi. Mguu wa kushoto unamuuma kwenye kigimbi, umejaa. Kawaida tu, gari hizo, si unajua miguu inavimba. Ndio inavimba lakini inavimba yote miwili mama. Huu ulikuwa mmoja, ngozi inang'aa, na nilivyoweka mgongo wa mkono ulikuwa una joto, mwenzie wa baridi. Nikachukua futi ya cherehani ya mdogo wangu nikapima miguu yote pale pale chini ya goti, tofauti inazidi sentimita tatu. Nikafunika shuka nikamwambia mama huu mimi siugusi, hata mafuta sipaki, nenda hospitali leo sio kesho, inawezekana ni damu imeganda kwenye mshipa na nikiuchua kipande kinaweza kung'oka kikapanda mpaka kwenye mapafu. Nilimwambia taratibu kabisa kwa adabu zote. Akakasirika. Akasema nimetoka Dar nimekuja kufukuzwa kwenye masaji na mtoto mdogo, mikono yenyewe ya kujifunza Dar. Mwanae akaniangalia kama nimemwaibisha. Wakaondoka hawajalipa na mi sikudai.

Wiki mbili zikapita ndo meseji ikaja, dada mama alikuwa na damu iliyoganda kweli, kapewa sindano na vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi, anaendelea vizuri. Basi. Hakuna asante, na yule binti hakurudi tena mpaka leo, tukikutana sokoni ananisalimia kwa mbali. Nilikuja kuelewa sio ubaya, ni aibu, kila akiniona anamkumbuka mama yake alivyofoka. Mteja unaweza kumpoteza kwa kufanya sahihi na hakuna wa kumlalamikia.

Sasa kuna kawaida ya aina nyingine na hii nayo lazima niiseme maana wadada wengi wananiuliza inbox. Simu inapigwa, namba ngeni, sauti nzito: dada unafanya masaji? Nafanya. Unafanya ile ya kawaida tu au...? Hiyo "au" ndo yenyewe, ameiacha inaning'inia ili mi niimalizie. Mwanzoni nilikuwa nakata simu kwa hasira, afu nikawa nalia, nikihisi kwani nimeandikwa usoni. Siku hizi sina hasira kabisa, najibu kama muuza duka aliyeulizwa kitu asichouza. Kaka, nachua misuli, saa moja elfu ishirini na tano, nguo ya ndani inabaki, shuka linakufunika sehemu yote nisiyoishughulikia, hela unatanguliza. Nusu wanasema nitakupigia na hawapigi, na hiyo nusu nawashukuru kwa kutonipotezea muda. Nusu iliyobaki wanakuja na ni watu safi tu, wengine walikuwa wanauliza kwa kuwa hawajui wanachokwenda kukuta.

Ila wapo wanaokuja na nia yao mfukoni. Mmoja aliniita hotelini, mgeni, anasema yuko kikazi. Nikienda hoteli huwa naaga mapokezi kwa jina na muda wa kutoka, na mdogo wangu ananipigia dakika ya kumi na tano, nikisema "maharage yapo jikoni" anajua apige mapokezi. Basi dakika ya ishirini hivi jamaa akaanza kuhamisha mkono wangu. Nikautoa nikarudi begani. Akauhamisha tena na akataja hela, hela nyingi tu sikufichi, kodi ya miezi miwili. Zamani ningepiga kelele au ningecheka cheka kwa woga nikijifanya sijaelewa, na kucheka ndo kubaya zaidi maana anadhani mnajadiliana bei. Nikatoa mikono yote miwili, nikafuta mafuta, nikasema kaka tumemaliza, vaa taratibu, mi natoka. Akaanza samahani dada nilikuwa natania. Sawa, umetania, tumemaliza. Hela ilikuwa imeshalipwa ndo maana nasisitiza kutanguliza, ungekuwa unadai ungelazimika kubaki chumbani unabembeleza haki yako kwa mtu aliyevua shati.

Neno lenyewe masaji limeharibiwa, hilo nalo tuseme ukweli. Chumba changu cha kwanza mwenye nyumba alinipa notisi baada ya kuona kibao, hakuuliza, kasikia kwa jirani. Wa pili niliandika "Kuchua misuli na kukanda wazazi" na huyo mwenye nyumba alimleta mama yake wiki ya kwanza. Kazi ile ile, mikono ile ile. Bibi yangu kakanda watu zaidi ya miaka arobaini na sijawahi kusikia mtu kamuuliza kama anafanya ya kawaida.

Kitu ambacho sikukitegemea kabisa ni siri. Mtu akilala kifudifudi uso uko kwenye tundu hakuoni, anaona sakafu na vidole vyako vya miguu, anaanza kuongea kama anaongea na ardhi. Nimesikia madeni, nimesikia mtoto sio wa mzee, nimesikia mtu anamuomba msamaha mama yake aliyekufa. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, wa kwenda Bujumbura na kurudi, mkali ukimuona dukani, nilimgusa tu shingo hapa pembeni akaanza kulia, akalia nusu saa, mi naendelea polepole sisemi kitu, alivyomaliza akauliza bei ni ile ile? Nikamwambia ile ile mama.

Afu mji wenyewe mdogo. Nilikuwa na wateja wawili, mmoja Jumanne mmoja Jumamosi. Wa Jumanne ananisimulia mume wake aliyebadilika, analala nje, kanunua saa mpya, kaanza kunyoa ndevu kwa mtindo. Wa Jumamosi ananisimulia bwana wake mtu mzima, ana wivu, kamzawadia yeye saa na akajinunulia mwenyewe inayofanana. Sikuunganisha mpaka wa Jumamosi aliposema bwana wake akikoroma anakuwa kama boti ya mkaa, na hiyo boti ya mkaa Jumanne nilishaisikia, neno kwa neno. Mikono ilisimama hewani. Akauliza vipi? Nikasema kuna fundo hapa.

Sikusema. Kwa nani? Ningesema kwa huyu ningekuwa nimemsaliti yule na mtaa mzima ungejua kitandani kwangu maneno yanatoka. Nilichofanya ni kuhakikisha hawakutani, wa Jumamosi nikamsogeza saa moja asubuhi na kumdanganya kwamba misuli ya asubuhi inalegea vizuri. Miezi minane nimebeba hayo mambo na nikienda nyumbani nakuwa nimechoka kuliko kazi yenyewe. Ikabidi nijifunze kutokuuliza swali la pili. Mtu akisema neno zito naitikia "mmh" na naendelea na mgongo, nikiuliza "ikawaje" nimeshageuka shoga yake na shoga ana kazi nyingine.

Wateja ninaowapenda kuliko wote, na hawa hela yao sio kubwa, ni wavuvi wa dagaa wa Kibirizi. Kazi yao ya usiku, wanawasha taa dagaa wafuate mwanga, sasa mbalamwezi ikikomaa taa hazina maana, wanapumzika siku kadhaa, ndo wanakuja. Mi kalenda yangu inaenda na mwezi wa angani kama ya mwezi mtukufu. Mabega yao ni mawe matupu kwa kuvuta nyavu, mgongo wa chini, viganja vimekauka kwa kamba. Hao hawana habari ya kuvua shati kwa aibu wala kuuliza ya kawaida, wanalala dakika mbili wanakoroma. Wananilipa elfu kumi, wengine kwa samaki, migebuka, mmoja alileta minne amefunga kwenye jani nikaona hii imezidi nikamrudishia mmoja, akakataa. Dada zangu wa mashirika wanaokuja na gari nawachaji elfu ishirini na tano na sioni tabu kusema hivyo hapa. Mwaka 2024 serikali ilivyofunga uvuvi ziwani miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, nilipata somo langu la biashara, mbalamwezi inakuja inaondoka na kitanda kipo wazi. Hapo ndo nikaanza kwenda majumbani kukanda wazazi kama bibi, na hiyo imebaki mpaka leo ni karibu nusu ya kipato changu.

Ndugu sijui niwaweke wapi. Shemeji akija "nisugue bega kidogo tu" ni dakika arobaini na kidole gumba changu. Nimewapangia Jumapili jioni, ndugu wote, bure, anayewahi. Wamepungua, kumbe bure ikiwa na ratiba haina ladha.

Bibi bado yupo, mikono imekunjamana kwa baridi yabisi haiwezi kufungua hata kifuniko. Nikienda Ujiji namkanda vidole kimoja kimoja na mafuta yake yale yale ya mise, na kila mara analalamika unakandamiza kama unaponda kisamvu, nani kakufundisha. Nikimwambia wewe, anasema mi sikukufundisha hivyo.

Na yule baba wa Gungu? Anakuja kila mwezi, tangu kidonda kilivyopona. Mkewe ndo alimrudisha, akasema huyu amekuchoma lakini amekuuguza, wengine wangekimbia. Namchua mgongo na mabega, miguu napaka mafuta tu kwa mkono mwepesi huku nakagua nyayo na katikati ya vidole kama kuna kidonda maana mwenyewe hawezi kuinama kuona, mara mbili nimekuta mchubuko hajui umetoka wapi. Chupa ya mpira bado ninayo, imening'inia msumarini nyuma ya mlango. Kila akiingia, kabla hata sijamwamkia, anaitafuta kwa macho, akishaiona iko pale haina maji ndo anavua viatu.